Tao Lao alikuwa mwanamke: hivi "ukurasa wa akina mama" uliwabeba waandishi wa Argentina au uliwabana?

#1 Mtoa mada

Wakuu salaam. Kuna kitu kinanikera wiki ya pili sasa, naomba tukijadili bila kutukanana.

Najifunza Kihispania, huu mwaka wa tatu, na mwalimu wangu kaniazima mkusanyo wa makala za magazetini za Alfonsina Storni wa Argentina. Mimi nilikuwa namjua kama mshairi tu, yule aliyefia baharini pale Mar del Plata Oktoba 1938, watu wakamtungia mpaka wimbo. Kumbe huyu mama alikuwa anaishi kwa kufundisha na kuandikia magazeti, ana mtoto anamlea peke yake tangu 1912, na mabosi wa magazeti wanampa kazi gani? Ukurasa wa akina mama. Mwaka 1919 jarida la La Nota likampa safu inaitwa "Feminidades", yaani mambo ya kike kike, na yeye akaanza kwa kulisema hilo jina lenyewe. Afu 1920 mpaka 1921 yupo La Nación, gazeti kubwa kabisa la Buenos Aires, safu "Bocetos femeninos", na huko hakusaini Alfonsina. Alisaini Tao Lao. Jina la kiume lenye mlio wa Kichina, mtu ambaye hayupo.

Hebu iangalieni hiyo picha: mwanamke anaandika habari za wanawake, kwenye ukurasa wa wanawake, kwa jina la mwanaume. Na anachoandika sio mambo ya mapambo. Kuna makala moja ya mpiga chapa (karani wa kutaipu ofisini) asiye na dosari, kaiandika kama maelekezo ya pishi: chukua binti wa miaka kumi na nane hadi ishirini na moja anayekaa nyumba ya kupanga mtaa wa mbali, mpake wanja kiasi, mbadilishe rangi ya nywele, mng'arishe kucha, mkatie gauni fupi la fasheni, mkaze tumbo, mtie ndege kichwani (akiwa wa bluu ni bora zaidi), mpeleke chuo cha biashara miezi miwili mitatu, kisha mwache anasubiri matangazo ya kazi mwaka, miaka miwili, mitatu, halafu muajiri kwa hela kiduchu. Nilicheka mpaka nikakasirika.

Hoja yangu ni hii: ule ukurasa ulikuwa banda la kuku. Siasa, uchumi, mahakama, hiyo nyumba kubwa ni ya wanaume, wewe kaa uani na wenzako. Na mpaka leo ukiingia duka la vitabu unakuta shelfu limeandikwa "waandishi wanawake wa Amerika Kusini", banda lile lile limepigwa rangi mpya. Nasema lingevunjwa zamani. Nawasilisha.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila umeanzia katikati ya sinema. Banda hawakujengewa na wanaume, walijenga wenyewe, na wakati huo hata nyumba kubwa yenyewe ilikuwa inavuja.

Nenda 1830. Petrona Rosende, mzaliwa wa ng'ambo ya mto kule Uruguay, anatoa Buenos Aires gazeti lake La Aljaba, toleo 18 likafa mwanzoni mwa 1831. Njoo 1852, mtawala wa mabavu Rosas kaanguka, linatoka La Camelia linaandika usawa wa jinsia mbili pale juu kabisa. Likafa. Afu 1854 Juana Manso, huyu ndo kiboko yao, karudi kutoka Brazil ambako alishaanzisha gazeti la wanawake Rio mwaka 1852, anatoa Álbum de Señoritas na kusema wazi kwamba anataka kuwatoa wanawake kwenye zile imani kuukuu zinazowakataza kutumia akili zao. Toleo nane! Januari mpaka Februari, limekwisha, wanunuzi hakuna na hela ilikuwa ya mfukoni mwake.

Kwaiyo tatizo la kwanza ni nani analipia karatasi na wino, hayo ya ukurasa yanafuata. Ukurasa wa La Nación ulikuwa na kitu kimoja ambacho Juana Manso hakuwahi kuwa nacho, nacho ni wasomaji wa uhakika kila wiki na mtu wa kulipa mshahara wa mchapaji. Wewe unaita banda, mimi naita paa.

Na huyo Juana Manso alipofariki 1875 alikuwa kakataa padri, wakamnyima makaburi ya Wakatoliki, akazikwa na Waprotestanti. Mtu kama huyo unadhani angeogopa kuandika ukurasa wa siasa? Angeandika, tena angewapasua, ila nani angempa?

#3

Mimi huwa sielewi hizi mada. Mwandishi ni mwandishi. Kitabu kizuri kizuri, kibaya kibaya.

Na kama ni kuonewa mbona takwimu zinasema vingine. Tuzo ya International Booker, ile ya London ya vitabu vilivyotafsiriwa Kiingereza, tangu waanze kutoa kwa kitabu kimoja kimoja 2016, Waargentina waliofika orodha fupi ni Samanta Schweblin 2017, Gabriela Cabezón Cámara 2020, Mariana Enriquez 2021, Claudia Piñeiro 2022, Selva Almada 2024. Watano. Wanaume wangapi? Sifuri. Sasa hapo nani yuko uani?

#4

@#3 kaka hizo hesabu zako ni za miaka kumi ya juzi juzi na ni za London. Rudi nyumbani kwao. Tuzo ya Cervantes, ambayo kwa lugha ya Kihispania ndo kilele, Waargentina wameipata wanne: Borges, Sabato, Bioy Casares na Gelman. Hesabu wanawake hapo. Academia Argentina de Letras, akademia yao ya lugha na fasihi, imeundwa 1931, mwanamke wa kwanza kuingia ni Victoria Ocampo, 1977. Miaka 46! Na huyo hakuwa mtu wa kubahatisha, mwaka ule ule 1931 ndo alianzisha jarida la Sur kwa pesa zake, jarida ambalo nusu ya hao wazee wa akademia walikuwa wanalilia wachapwe humo.

Mimi niko Barcelona, kazi yangu ni kuhudumia wazee, na bibi ninayemhudumia sasa ni Muargentina wa Rosario, ana miaka themanini na ushee, akili iko pale pale. Nimemsomea huu uzi nikimtafsiria. Kasema msisahau kitabu cha Evita, yaani Eva Perón, mke wa rais Juan Perón, kilichotoka 1951, kuanzia 1952 shule zilitakiwa kukisoma, yeye alikuwa binti mdogo, mpaka leo kuna mistari anaikumbuka na haitaki. Sasa ajabu ya kile kitabu ni kwamba kinasema "mimi" kila ukurasa na aliyekiandika hasa ni mwanaume, Mhispania Manuel Penella de Silva. Kwaiyo mtoa mada una Alfonsina aliyejificha nyuma ya jina la kiume, na hapa kuna mwanaume nyuma ya jina la mwanamke mwenye nguvu kuliko wote nchini. Sijui hiyo unaiweka upande gani wa banda lako, lakini usiiache.

#5 Mtoa mada

@#4 dada asante, hiyo ya Evita inanisaidia mimi zaidi kuliko unavyodhani. Angalia mtiririko: 1860 Eduarda Mansilla, mpwa wa Rosas, mtoto wa familia kubwa, anatoa riwaya anasaini "Daniel". 1905 Emma de la Barra anatoa Stella anasaini César Duáyen, kitabu kinagombaniwa madukani, mji mzima unaulizana huyu bwana Duáyen ni nani, ndo inakuja kujulikana ni mjane mmoja. 1920 Tao Lao. Miaka sitini wanabadilisha majina tu! Halafu likija jina la mwanamke ambalo linauza lenyewe bila kuficha, Eva Perón, mwanaume ndo anapewa kalamu.

Na @#2 ukisema "paa", mbona aliyekuwa chini ya paa hakuthubutu kusaini lake?

#6

Wakuu nisameheni nitakuwa mrefu kidogo maana naona mnaongea habari za mabibi wa San Isidro, kitongoji cha matajiri, kama vile Argentina nzima ilikuwa na bustani na piano, huyo Victoria Ocampo mnayemsifia ni mtu aliyemkaribisha Tagore, mshairi wa India, mwaka 1924 akamkodishia jumba zima, na mwaka 1936 nyumba yake ya uchapishaji inatoa kwa Kihispania ile insha ya Mwingereza Virginia Woolf ya mwanamke kuhitaji chumba chake na pesa zake, sawa, insha nzuri, lakini mchapishaji mwenyewe ana majumba mangapi jamani, halafu huyo huyo mwaka 1945 serikali ya kijeshi ambayo Perón ni mtu mzito ndani yake inataka kuwapa wanawake kura kwa amri, yeye anapinga, anasema kura ya serikali isiyochaguliwa hatuitaki, na hoja yake ina maana ukiisikiliza, ila mfanyakazi wa kiwanda cha nyama kule Berisso hakuwa na muda wa kusubiri kura iliyo safi, sheria ikapita Septemba 1947 na wanawake wakapiga kura mara ya kwanza Novemba 1951 kupitia Evita na sio kupitia jarida la Sur.

Kama mnataka wanawake wa magazeti njooni huku chini. Mwaka 1896 Buenos Aires lilitoka gazeti La Voz de la Mujer, la waanakisti (watu wasiotaka serikali wala mabwana), wanawake wa viwandani na washonaji, wahamiaji wengi, na kauli yao ilikuwa hakuna mungu, hakuna bosi, hakuna mume. Pale juu waliandika gazeti linatoka "likiweza". Hahaha, mnaona huo ukweli? Hakuna kila Jumatatu, linatoka likiweza. Toleo tisa mpaka Januari 1897. Na waliowashambulia wa kwanza sio mapadri wala polisi, ni makomredi wao wenyewe wa kiume, mpaka toleo la pili wakawajibu wakiwaita mbawakawa wa fikra. Hao wanaume walikuwa tayari kupindua dunia nzima isipokuwa jikoni kwao.

Na kuna Salvadora Medina Onrubia, huyu mnamruka kila siku. Mzaliwa wa La Plata, mwanakisti, mama asiye na ndoa, mwandishi wa tamthilia, akaolewa na Natalio Botana mwenye gazeti la Crítica lililokuwa linauzwa Buenos Aires kama njugu. Jenerali Uriburu alipindua nchi 1930, na mwaka 1931 wakalifunga Crítica na kumtia Salvadora ndani. Waandishi wenzake wakaandika kumwombea huruma kwa jenerali. Yeye akaandika barua kutoka gerezani kumwambia jenerali kwamba hataki huruma yake na anamdharau. Gereza lile la masista, Buen Pastor, ndo lile lile ambalo Perón alimweka Victoria Ocampo siku 26 mwaka 1953. Kwaiyo tajiri na mwanakisti wamelala gereza moja, miaka tofauti, serikali tofauti. Hapo ndo nakubali kidogo kwamba na Victoria hakuwa mtu wa chai na biskuti tu. Kidogo.

#7

Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu mzima humu, nimestaafu, nimefanya kazi gazetini hapa nyumbani miaka mingi, gazeti silitaji. Niliwekwa ukurasa wa akina mama nikiwa na miaka ishirini na mbili na nililia chooni. Nilikuwa nimetoka chuo nataka kuandika bunge, wakanipa jinsi ya kutoa doa la embe kwenye kitenge.

Lakini nawaambieni kitu ambacho mtoa mada hakijui kwa sababu hajawahi kukaa pale. Mhariri mkuu hausomi ule ukurasa. Anausaini bila kuusoma. Mwaka wangu wa pili nilianza kuweka barua za wasomaji katikati ya yale madoa, mwanamke kanyang'anywa shamba na mashemeji, mwingine kafukuzwa kazi na mimba, na zilitoka miezi minane kabla mtu hajashtuka. Kwenye ukurasa wa kwanza zisingetoka hata siku moja. Kwaiyo ninaposoma hayo maelekezo ya pishi ya mpiga chapa nacheka kwa sababu naijua hiyo mbinu. Umepewa chungu, haya, pika, ila unajua mwenyewe unachokitia.

Na huko Argentina wenyewe waliendelea na hiyo njia kwa kupenda, sio kwa kulazimishwa. Utawala wa kijeshi ulipoisha Desemba 1983 María Moreno akaanzisha gazeti la wanawake akaliita alfonsina, kwa herufi ndogo, jina la nani mnalijua. Na humo baadhi ya wanaume ndo waliandika kwa majina ya kike, mambo yakageuka. Baadaye 1998 gazeti la Página/12 wakaanzisha Las12, nyongeza ya kila wiki ya wanawake. Hao hawakuwa wanaandika madoa ya embe.

Matunda yake myaone hapa. Magazeti yao yalikuwa yanaandika mwanamke akiuawa na mumewe "crimen pasional". Sisi tunaandika "kisa wivu wa mapenzi", maneno yale yale, tena kwenye kichwa cha habari, kama vile mapenzi ndo yaliyoshika panga. Waandishi wa habari wanawake kule wakaunda mtandao wao na kushika hilo neno moja tu, miaka, kila chumba cha habari, likome. 2012 sheria yao ikaongeza adhabu kwa mauaji ya aina hiyo. Halafu 11 Mei 2015, binti wa miaka kumi na minne kauawa kule Rufino, mwandishi wa redio Marcela Ojeda akaandika Twitter akiuliza wanawake wote, wasanii, wanasiasa, kila mtu, hatupazi sauti? wanatuua. Waandishi wenzake wakaitika pale pale, na tarehe 3 Juni barabara za mbele ya bunge zilijaa watu, kwa jina la Ni Una Menos, asipungue hata mmoja. Jina hilo lilikuwa limeshatumika Machi mwaka ule ule, waandishi wa vitabu walipofanya kisomo cha hadhara pale Maktaba ya Taifa. Unaona? Wa magazeti na wa vitabu walikuwa wanajuana tayari. Na walijuana wapi kama sio kwenye hizo kurasa mnazoita banda.

#8

@#7 Shikamoo mama. Hapo kwenye "kisa wivu wa mapenzi" umenigusa, mimi mwenyewe nimeandika hivyo mwaka jana kwenye habari ya mkoani kwetu na mhariri kanisifia kichwa cha habari kizuri. Sitarudia.

#3

Shikamoo mama. Nakubali hayo ya Ni Una Menos, sina ubishi. Ila nauliza swali ambalo najua mtanirushia mawe. Hivi haya mambo yakifika shuleni ni sawa? 2024 kule kulikuwa na kelele, kitabu cha Dolores Reyes, Cometierra, kimepelekwa maktaba za shule za sekondari mkoa wa Buenos Aires, kina lugha ya ngono ndani, makamu wa rais Victoria Villarruel akapinga hadharani na wazazi wengine wakalalamika. Mimi nina binti wa miaka kumi na nne. Sio kila anayehoji kitabu ni dikteta.

#4

Kaka hakuna anayekurushia mawe, ila kisome kwanza. Ni hadithi ya msichana wa kitongoji maskini, akila udongo anaona mahali walipo wanawake waliopotea, na watu wanampelekea chupa za udongo mlangoni wakimwomba awatafutie ndugu zao. Mwandishi ni mwalimu wa shule na mama wa watoto saba. Aya za ngono zipo, chache, ndo hizo zilikatwa zikasambazwa mitandaoni bila kilichotangulia wala kilichofuata. Na havikuwa vitabu vya lazima, vilikuwa kwenye orodha ya vitabu zaidi ya 100 vya maktaba, mwalimu ndo anachagua. Tofautisha na kile cha Evita, kile ndo kilikuwa lazima, muulize bibi yangu.

Halafu nchi ile ina kumbukumbu. 1977 wanajeshi walipiga marufuku kwa amri ya serikali kitabu cha watoto cha Elsa Bornemann, kisa ndani yake tembo wa sarakasi anawashawishi wanyama wagome. Tembo! Kwaiyo 2024 waandishi zaidi ya 100 walipokwenda kukisoma Cometierra kwa sauti, kwa zamu, waliifanya kwenye ukumbi wa El Picadero, ambao 1981 ulichomwa kwa bomu baada ya watu wa maigizo kuutumia kuupinga utawala. Ukumbi haukuchaguliwa kwa sababu ya viti.

#3

Sawa nitakisoma. Lakini binti yangu nitamsubirisha mpaka nimalize mimi. Hiyo haki nabaki nayo.

#2

Hiyo ni haki yako na nadhani hata huyo mwalimu mwenye watoto saba asingekukatalia.

Ila naomba turudi, maana tumekwenda shuleni tukasahau gazeti. Mtoa mada unataka banda livunjwe, mama #7 anasema ndani ya banda kulikuwa na mlango wa nyuma. Mimi nina mfano wa mwanamke ambaye hakuwa kwenye ukurasa wa wanawake kabisa, alikuwa kwenye habari kubwa kuliko zote, na bado mnaona ilikuwaje. Juni 1956 polisi waliwapiga risasi raia kwenye jalala la José León Suárez nje ya Buenos Aires, wakidai ni waasi wanaomuunga mkono Perón, wengine wakanusurika. Rodolfo Walsh akachunguza, kitabu chake cha 1957 kinafundishwa mpaka leo kama baba wa uandishi wa uchunguzi kwa Kihispania. Sasa huo uchunguzi alifanya na nani? Enriqueta Muñiz, mzaliwa wa Hispania, ana miaka ishirini na mbili hivi, wanafanya kazi nyumba moja ya uchapishaji. Alikwenda naye kugonga milango ya watu wenye hofu, alikuwa anaandika kila kitu daftarini. Walsh mwenyewe kwenye utangulizi kasema kwa uungwana kabisa kwamba mahali anapoandika "nilifanya, nilikwenda, niligundua" isomwe "tulifanya, tulikwenda, tuligundua". Aya moja. Watu wakaisoma hiyo aya miaka sitini na wakaendelea kusema Walsh, Walsh, Walsh. Enriqueta akaendelea na uandishi wake wa habari kimya kimya, akafariki 2013, na madaftari yake yakachapwa 2019.

Huyo banda halikumbana. Hakuwahi kuingia bandani.

#5 tena, Mtoa mada

@#2 umenikata ngebe kidogo hapo. Nimekaa na hiyo tangu jana usiku. Nilikuwa naona kama ukivunja ukurasa wa wanawake basi wanatoka nje wanaonekana. Enriqueta alikuwa nje na hakuonekana. Sasa sijui niseme nini, maana hoja yangu ya mwanzo imebaki nusu. Ile ya shelfu la duka la vitabu naishikilia, na wengi wa hao wanaoitwa "boom" (mlipuko) ya waandishi wanawake wa Amerika Kusini wamesema hadharani hawalipendi hilo neno, kana kwamba wameibuka juzi kama uyoga. Enriquez alikuwa mhariri wa nyongeza ya Página/12 miaka kibao kabla London haijamjua. Piñeiro alikuwa mhasibu. Leila Guerriero anaandika makala ndefu za watu halisi miaka zaidi ya ishirini na wala sio riwaya, shelfu lake liko wapi? Kwaiyo shelfu nalikataa. Ukurasa wa gazeti, nipeni muda.

Ila mama #7, swali: kwanini Tao Lao basi? Kama mhariri hasomi, angesaini Alfonsina.

#7

Mwanangu, kwa sababu wasomaji wanasoma. Mshairi Alfonsina alishajulikana tayari, mwanamke mwenye mtoto bila baba, kila sentensi ingesomwa kama malalamiko yake binafsi. Mwanaume Mchina akisema mpiga chapa analipwa hela kiduchu, hiyo ni hekima ya mtu aliyetoka mbali. Mimi nilikuwa natumia "Shangazi". Shangazi hakuwepo.

#4

Naongeza la mwisho kabla sijaingia zamu. Leo asubuhi nimemsomea bibi ile makala ya mpiga chapa kwa Kihispania chake, sikumwambia ya nani, nimesema tu ni ya gazeti la 1920, mwandishi Tao Lao. Yeye alipiga chapa ofisini Rosario kabla ya kuolewa. Alisikiliza kimya mpaka kwenye kucha akasema uongo huo, kucha zilikuwa zinakatika kwenye mashine, hakuna aliyeng'arisha. Kwenye ndege wa bluu akacheka. Kwenye mshahara akaacha kucheka. Mwisho akasema huyu Mchina alipajuaje ofisini kwetu.

Nikamwambia sio Mchina bibi, ni Alfonsina. Alfonsina gani? Nikasema Storni. Akaniangalia kama namtania, yeye shuleni alifundishwa mashairi tu, hakuna aliyewahi kumwambia habari za magazeti. Akanyamaza muda, akaniambia niinue mto vizuri, nisome tena tangu mwanzo, polepole.